Mashuka Mia Nne na Themanini

Mtu akikwambia kufua ni kazi nyepesi, mletee shuka lililotoka wodi ya upasuaji, mwambie alirudishe jeupe kabla ya saa moja asubuhi. Kisha vuta kiti umtazame. Mimi nimepiga pasi katika dobi la hospitali yetu miaka kumi na saba, na wote niliowasikia wakisema hivyo walikuwa hawajawahi kukaa dakika kumi kwenye mvuke wa chumba chetu.

Tulikuwa watu kumi na mmoja. Mkubwa wetu alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mikono imebabuka kwa sabuni hadi kwenye viwiko, na sauti yake ilizishinda mashine. Tulimwita Mama Funguo kwa sababu shingoni alivaa ufunguo uliofungwa kwa kamba ya kiatu, ufunguo wa kabati la chuma lililokuwa nyuma ya mashine ya pili. Nadhani hata kuoga alioga nao. Aliingia hospitalini akiwa na miaka ishirini na miwili, akafagia korido miaka sita, kisha akahamishiwa dobini kwa kosa la kumjibu daktari, na adhabu hiyo ndiyo ikawa maisha yake. Alimzika mumewe mapema. Watoto wake wawili aliwasomesha, na juu yao akamlea mdogo wake wa mwisho, ambaye mama yao, yeye na Mama Funguo, alifariki akimwacha bado ananyonya. Mdogo huyo alimwita dada, lakini ukiwaona pamoja ungeapa ni mtu na binti yake.

Shida yetu ilikuwa moja na ilikuwa ya kila siku: mashuka hayatoshi. Hospitali ina vitanda mia moja na arobaini. Wodi ya wazazi ikipiga simu, tunakimbia huko. Chumba cha upasuaji kikipiga kelele, tunayarudisha yale ya wazazi yakiwa bado na joto la pasi yangu, tunayakimbiza upasuaji. Tulikuwa mabingwa wa zimamoto. Mama Funguo alikuwa na mbinu kwa kila balaa: kuanika juu ya paa, kuwabembeleza watu wa jikoni watupe maji ya moto, kukata shuka kubwa likawa mawili. Hali ikiwa mbaya kabisa, alifungua kabati lake la chuma, akatoa mashuka manne au sita, akayafunika kwa aproni na kumpelekea sista anayemtaka yeye. Masista walimpenda kwa hilo. Alipoumwa jino hakupanga foleni. Hata mama yangu mzazi aliwahi kuonwa na daktari kabla ya watu wote kwa ajili ya mashuka mawili, kwa hiyo sijifanyi malaika hapa.

Pamoja na ubingwa wote huo, mwaka ule operesheni ziliahirishwa mara tisa kwa kukosa mashuka. Fikiria mtu amefunga kula tangu jana, ameshaaga watoto, amelazwa kwenye kitanda cha magurudumu, halafu anaambiwa arudi wodini kwa sababu hakuna cha kutandika.

Ndipo akaja katibu mpya wa hospitali, kijana mwenye miwani na adabu nyingi. Adabu ya mtu wa ofisini mimi huiogopa kuliko matusi. Alimwita Mama Funguo, akaniita na mimi kwa kuwa mimi ndiye msaidizi wake, akatuketisha.

"Shikamoo, mama. Sitaki kuwazungusha," alisema. "Bodi imeamua. Ninyi mna siku tisini. Operesheni hata moja ikiahirishwa kwa sababu ya mashuka ndani ya siku hizo, kazi ya kufua inapewa kampuni ya nje."

"Na sisi?"

"Mtapewa barua, mama. Wote kumi na mmoja. Mimi sipendi iwe hivyo. Niletee mkakati."

Mchana kutwa tulikaa kichwa kwa kichwa kama wanafunzi wa mtihani, yeye anataja na mimi naandika kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Zilitoka kurasa mbili, mambo kumi na tisa. Zamu ya Jumamosi. Toroli lenye kengele. Kuandika jina la wodi kwenye kila shuka kwa wino usiofutika. Kulowesha kabla ya saa kumi alfajiri. Na la kumi na tisa, nililolipendekeza mimi na kulipigia mstari: msako wa ghafla mawodini, tukiwa na askari wa getini, kwa sababu kila mtu alijua kwamba masista wanaficha mashuka.

Katibu alisoma kurasa zote mbili pasipo kuruka mstari. Kwa hilo nilimpa heshima yake.

"Mama, haya ni mazuri," alisema. "Lakini yote ni mbinu. Mkakati uko wapi?"

"Si huo umeushika?"

"Mwaka jana mlikuwa na mbinu ngapi?"

Mama Funguo akafikiri. "Kama kumi na tano hivi."

"Na operesheni zikaahirishwa mara tisa. Sasa mna kumi na tisa. Tuseme zote zimefanikiwa. Hospitali hii itakuwa imebadilika nini? Niambie kwa sentensi moja."

"Mashuka yatafika haraka."

"Yatafika haraka, halafu?"

Mama Funguo alizikusanya zile kurasa mbili, tukatoka. Mimi nilikuwa na hasira tu, na hasira huwa inafanana sana na jibu ukiwa nayo kifuani. Njia nzima ya kurudi Mama Funguo alikuwa akinguruma. "Mtoto huyu hajawahi kufua hata leso. Ananifundisha mimi? Mimi!" Akaipiga teke ndoo ya sabuni, ikamwagika, ikabidi tuipanguse wenyewe sakafuni.

Lakini alikuwa mtu wa namna moja: neno likimchoma, haliachi mpaka alijue lina nini. Kesho yake alikwenda stoo kuu, akamwomba mtunza stoo daftari la miaka minne. Kisha kwa siku tatu akatuamuru tupige mstari kwa kila shuka linaloingia na linalotoka, na kwa macho makali akatukataza kudanganya. Siku ya nne alikaa juu ya boksi la sabuni, akanisomea.

"Yaliyonunuliwa ni mia tisa na arobaini. Yaliyochanika na kuchomwa moto, mia moja na hamsini. Yanayopita mikononi mwetu, mia tatu na kumi. Toa."

Nilitoa. Nikatoa tena nikidhani nimekosea. "Mia nne na themanini."

"Mashuka mia nne na themanini hayana miguu," alisema. "Tungekuwa nayo yote, kila kitanda kingepata mawili ya kulalia na mawili yakiwa huku yanafuliwa, upasuaji wangepata wanayoyataka, na mengine yangebaki. Miaka yote hii tunalia hayatoshi. Yanatosha, bwana! Yamelala makabatini."

"Si ndiyo ninachosema? Msako!"

"Wewe na msako wako." Akalifunga daftari. "Tukisaka leo, tutapata mia mbili. Kesho wataficha wapi?"

"Kwingine."

"Kwingine, na kwa akili zaidi. Kwa nini wanaficha?"

"Kwa sababu ni wachoyo."

"Sista wa upasuaji ni mchoyo? Yule anayenunua dripu kwa mshahara wake?" Akatikisa kichwa. "Anaficha kwa sababu anajua sisi tutampa anayepiga kelele zaidi. Asiyepiga kelele analaza wagonjwa wake juu ya mpira mtupu wa godoro. Nani amewafundisha hivyo?"

Kulikuwa na kitu nilitaka kukisema na sikuwa na ubavu. Nyani haoni kundule, na mimi sikuwa mtu wa kumwonyesha mkubwa wangu la kwake. Nilijishughulisha na kukunja foronya iliyokwisha kukunjwa.

Hakuhitaji kuonyeshwa. Aliinuka, akazunguka mashine ya pili, akauvua ule ufunguo shingoni mbele yetu wote. Kabati likafunguka kwa kelele ya kutu. Tulihesabu arobaini na sita, baadhi bado na mikunjo ya kiwandani. Masikio yake yalikuwa yamewiva. Aliona haya, na alituacha tuone kwamba anaona haya.

"Mficha mkubwa kuliko wote ndiye huyu hapa," alisema. "Nayo yaingie kwenye mzunguko. Leo."

"Mama," nikasema, "hayo ndiyo yanayokufanya wewe uwe wewe hapa hospitalini."

"Najua. Unadhani haliniumi?"

Siku ile aliandika sentensi yake moja kwenye ubavu wa boksi la sabuni, akaukata na kuuning'iniza juu ya sinki: *Wodi isiwe na sababu ya kuficha shuka.* Alipoipeleka kwa katibu, katibu aliisoma mara mbili, akavua miwani. "Huu hapa," alisema. Hakuongeza kitu, na Mama Funguo alikuja kutusimulia hilo mara nne, akiiga hata kuvua miwani.

Kisha tukazichukua zile mbinu kumi na tisa moja baada ya nyingine, tukiziuliza swali lile lile: je, hii inampunguzia sista sababu ya kuficha, au inamwongezea? Toroli lenye kengele likabaki, maana wodi ikisikia kengele kila siku saa ile ile itaanza kuamini. Kulowesha mapema kukabaki. Jina la wodi kwenye shuka likafutwa. Ukishamwandikia mtu kwamba ni lake, atalifungia. Msako ukafutwa pia, na nilisononeka siku mbili. Mbinu saba tu ndizo zilizosalia. Kanuni ikawa hii: kila wodi inapata fungu lake kamili saa moja asubuhi na fungu dogo saa nane mchana, ipige kelele isipige. Nje ya hapo hakuna anayepewa hata foronya. Mashuka ishirini yaliwekwa peupe kwenye rafu karibu na mlango, ya dharura ya chumba cha upasuaji peke yake.

Wiki za kwanza zilikuwa za kutukanwa. Masista waliozoea kupiga simu walipiga, na Mama Funguo akajibu kwa sauti ya chini, ambayo kwake ilikuwa kama kubeba gunia: "Saa nane, sista. Yatakuja saa nane." Walimwita mwenye maringo. Mmoja alimwambia uzee umempanda kichwani. Foleni ya jino ilirudi kuwa foleni. Hakuna aliyerudisha hata shuka moja, na kwa mashuka yale machache tuliyokuwa nayo tulifua kama watu waliolaaniwa ili mafungu yatimie. Vidole vyangu viliungua hadi nikawa nashika kikombe kwa viganja. Kila jioni niliihesabu siku iliyopita, nikisema moyoni, bado hamsini na kitu, tutaanguka tu.

Wiki ya tano, mdogo wake alilazwa.

Walimtoa uvimbe tumboni. Operesheni ilikwenda vizuri, wakampeleka wodi ya upasuaji ya wanawake. Siku ya pili, saa nne asubuhi, mpira uliokuwa unatoa maji kwenye kidonda uliachia. Ukalowesha mashuka yake yote mawili, damu na maji, na fungu la asubuhi la wodi ile lilikuwa limekwisha kutandikwa. Akatumwa mhudumu mpaka dobini.

"Mama, mdogo wako anasema umtumie mashuka mawili. Kalowa. Analia."

Mimi nilikwisha kunyoosha mkono rafuni. Shuka la juu kabisa nilikuwa nimelipiga pasi mwenyewe asubuhi ile.

"Acha," alisema Mama Funguo.

"Mama, ni mdogo wako!"

"Nimesema acha. Hayo ni ya chumba cha upasuaji."

"Mawili tu. Nani atajua?"

"Wodi nzima itajua kabla hajageuka upande. Na kesho kila mtu mwenye ndugu hospitalini atajua pa kupiga simu." Akamgeukia mhudumu. "Mwambie saa nane. Mtandikieni taulo kwa sasa."

Shuka la nyumbani lilikuwa marufuku wodi ile, kwa hiyo hata njia hiyo haikuwepo. Mhudumu aliondoka akinitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye mwenye akili niliyebaki mle ndani. Nami nilimwambia Mama Funguo maneno ambayo mdogo hamwambii mkubwa wake. Nilimwambia moyo wake umekuwa wa zege. Nilimwambia damu ni nzito kuliko maji, ila yeye yake imegeuka sabuni. Alitoka nje mara kadhaa, nikadhani anakwenda kulia kwenye kamba za kuanikia. Ningependa kukwambia kwamba saa sita ililetwa dharura kubwa na yale mashuka ishirini yakaokoa mtu. Hakuna aliyeletwa. Yalikaa pale rafuni mpaka jioni, yamekunjwa vizuri, na mimi nikayachukia.

Saa nane kengele ya toroli ililia na mdogo wake akapata mashuka yake pamoja na wodi nzima. Alikuwa amekaa kwa muda wa saa nne kwenye unyevu. Toroli liliporudi, nyuma yake alikuja Sista wa upasuaji mwenyewe, msimamizi wa wodi ile, mwanamke mrefu aliyekuwa hashuki dobini hata kwa bahati mbaya, akisukuma toroli la pili la wodi yake. Lilikuwa limefunikwa kwa blanketi. Akalifunua.

"Yahesabuni," alisema. "Mia moja na kumi na mawili. Mengine yalikuwa juu ya dari ya choo."

Hakuna aliyesogea. Mashine ya kwanza ilikuwa inazunguka peke yake.

"Tangu mseme kila mtu atapata sawa nimekuwa nikisubiri," aliendelea, akimtazama Mama Funguo tu. "Nilisema moyoni, atalazwa mtu wake mmoja siku moja, na hapo tutauona ukweli. Leo asubuhi kabati langu lilikuwa hatua tano kutoka kitanda cha mdogo wako. Ningeweza kumpa. Sikumpa. Nilitaka kuona kama wewe utampa." Akalikunja lile blanketi. "Nimemwacha mgonjwa wangu kwenye maji ili nikupime wewe. Sijisifu kwa hilo."

"Na mimi pia nimemwacha," alisema Mama Funguo.

"Ungempelekea, ningeongeza mengine juu ya haya."

Wakasimama pale wanawake wawili, hakuna aliyemkumbatia mwenzake. Kisha Mama Funguo akavuta daftari, akaanza kuhesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, na sisi kumi tukahesabu naye.

Wodi ya wazazi ilileta themanini wiki iliyofuata. Wodi za wanaume zikaleta kidogo kidogo kwa aibu, kumi leo na ishirini kesho, wakidai wameyaokota. Hatukuuliza wameyaokota wapi. Kufikia mwezi wa tatu tulikuwa tumepata mia nne na kumi, na Sista mmoja alianza kutuambia punguzeni, kabati langu limejaa, jambo ambalo mimi sikutegemea kulisikia nikiwa hai. Siku ya tisini chumba cha upasuaji kilifanya operesheni sita, zote kwa wakati. Hakuna iliyoahirishwa tangu siku ya kwanza. Katibu alileta karatasi yenye mhuri kwamba kazi ya kufua inabaki kwetu, akaibandika ukutani kwa mkono wake. Tulipiga makofi. Mimi nilikwenda nyuma ya kamba za kuanikia nikalia kidogo, kisha nikaenda kumwomba mkubwa wangu msamaha kwa yale ya zege na sabuni. Akasema, "Ulikuwa na haki ya kukasirika. Rudi kwenye pasi, inaungua."

Lakini mdogo wake alikuwa hasemi naye. Tangu alipotoka hospitalini, wiki saba, hakupokea simu yake. Chakula alichompelekea kilirudi na kifuniko chake. Mama Funguo alikuwa halalamiki, ila uso wake ulipungua, na siku tuliyobandika ile karatasi ni yeye peke yake ambaye hakunywa soda.

Wiki hiyo hiyo mdogo mtu alikuja kliniki kuangaliwa kidonda. Alipomaliza akashuka dobini. Alisimama mlangoni, hataki kuingia, mkono juu ya tumbo.

"Nilikuona," alimwambia dada yake. "Siku ile. Ulikuja mpaka kwenye kioo cha mlango wa wodi mara tatu. Nilikuona ukinitazama, ukaondoka."

Mama Funguo akaweka chini kikapu alichokishika. "Ningeingia, ningerudi kukuletea. Nilijijua."

"Nilikuwa nalia, dada."

"Najua. Nilikusikia kutoka koridoni."

Mdogo mtu alifuta uso kwa kiganja. Nikazima pasi ili nisiwasumbue.

"Nimepita wodini sasa hivi," alisema. "Kitanda changu kalala bibi mmoja, kachafua. Sijageuka, wameshambadilishia. Hakuna aliyemtuma mtu mahali, hakuna aliyepiga simu." Akavuta pumzi. "Hata hajui kwamba kuna cha kushukuru."

"Ndivyo nilivyotaka," alisema Mama Funguo.

Mdogo wake akaingia, akachukua ncha mbili za shuka lililokuwa juu ya meza, akasubiri dada yake ashike zile nyingine mbili, wakalikunja.